Mkono wa Rehema na Mpaka Wake: Darsa juu ya Kumkanda Mzazi Wakati wa Utungu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba binadamu kutokana na tone, akamhifadhi katika tumbo la mamake, kisha akamsahilishia njia ya kutokea. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Ali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, darsa yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wanaume wengi hulipuuza kwa kuliita mambo ya wanawake, na wanawake wengi hulifanya kwa mazoea, bila ya kuuliza lipi ndani yake lina manufaa na lipi lina madhara. Jambo lenyewe ni kumkanda mzazi, yaani mwanamke aliye katika kuzaa, anaposhikwa na utungu.

Katika miji yetu ya pwani mkunga wa jadi hakuwa akiingia nyumba ya mzazi ila na kichupa chake cha mafuta ya nazi au ya ufuta. Mkono wake ulikanda viuno vya mama zetu na bibi zetu, nao wakamwombea dua mpaka leo. Lakini mkono huohuo, ulipotoka mgongoni ukaingia tumboni kusukuma na kubana, umepata kuleta msiba badala ya faraja. Hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai walikufa mama 355 kwa sababu za uzazi. Basi hili si jambo dogo, wala si la wanawake peke yao. Twataka kupambanua, kwa dalili za dini na kwa elimu ya matabibu, wapi mkono ni rehema na wapi mkono ni hatari.

Je, utungu ni adhabu?

Wako watu wasemao kwamba utungu ni jambo alilokadiriwa mwanamke, basi haifai kutafuta njia ya kuupunguza. Na wengine huongeza kuwa kadiri anavyoumia ndivyo thawabu yake inavyozidi, kwa hiyo anayemwondolea maumivu ni kama anayempunguzia fungu lake. Maneno haya hayana mizizi katika dini yetu.

Qur'ani tukufu imetaja taabu ya mama katika Sura ya Luqman na katika Sura ya Al-Ahqaf. Mwenye kuzizingatia aya hizo ataona kuwa taabu hiyo haikutajwa kuwa ni malipo ya kosa. Imetajwa kuwa ni haki ya mama juu ya mwanawe, ili mwana apate kumshukuru na kumtendea wema. Ama dhana ya kwamba mwanamke huzaa kwa maumivu kwa ajili ya kosa la Bi Hawa, hiyo si dhana ya Qur'ani. Qur'ani yatueleza kuwa Adamu na mkewe waliteleza wote wawili, na wote wawili wakaomba maghufira. Dhana hiyo ilikuwa na nguvu huko Ulaya, hata mwaka 1847, daktari James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwatuliza wazazi kwa dawa ya usingizi, walitokea watu wakampinga kwa hoja ya dini yao, naye ikambidi aandike kitabu kidogo cha kuwajibu. Leo wenyewe wameiacha. Haitupasi sisi kuokota kilichotupwa na wenyewe.

Tutazame kisa cha Bi Maryamu. Utungu ulimpeleka mpaka kwenye shina la mtende, naye yu peke yake, hata akatamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Mola wake hakumkemea kwa kauli hiyo, wala hakumwamrisha avumilie tu basi. Aliliwazwa asihuzunike. Akaonyeshwa kijito cha maji chini yake. Akaamrishwa alitikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Ikiwa huyo mja mwema aliletewa neno la kuliwaza, na maji, na chakula, na shina la kuegemea, sisi twapata wapi haki ya kumnyima mzazi wetu mkono wa kumkanda kiuno?

Ama thawabu, mzazi ana thawabu yake kwa taabu asiyoweza kuiepuka, na Mtume (s.a.w.) amemhesabu mwanamke anayekufa kwa uzazi kuwa miongoni mwa mashahidi. Lakini katika mafunzo hayohayo aliyekufa maji naye amehesabiwa kuwa shahidi, na hatujapata kumsikia mwanachuoni akisema kuwa mtu anayezama aachwe azame ili asipungukiwe na daraja. Mwenye kuweza kumwokoa na asimwokoe ana dhambi. Na mwenye kuweza kumpunguzia mzazi maumivu kwa njia ya halali, kisha akamwachia alie kwa hoja ya thawabu, amechanganya subira na ugumu wa moyo.

Ukunga mbele ya wema waliotutangulia

Yasimuliwa katika vitabu vya historia kuwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab, zamani za ukhalifa wake, alikuwa akizunguka usiku nje ya Madina, akaona hema na mtu wa jangwani ameketi mlangoni, na ndani yatoka sauti ya mwanamke anayeugua. Alipouliza akaambiwa ni mke wa mtu yule, ameshikwa na utungu na hana mtu wa kumsaidia. Umar akarudi nyumbani kwa mkewe, Bi Ummu Kulthum binti Ali, akamwuliza kama anataka ujira aliouletewa na Mwenyezi Mungu. Bibi huyo, mjukuu wa Mtume (s.a.w.), akachukua vitu vya uzazi akaenda. Akaingia hemani kwa mzazi, na Umar akaketi nje na yule mume, akawasha moto na kuteleka chungu. Yule mtu hakujua ni nani anayempikia mpaka Ummu Kulthum alipopaza sauti akimwita mumewe kwa cheo chake, ampe bishara mwenziwe kuwa amepata mtoto wa kiume.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, kazi ya kumhudumia mzazi si kazi duni ya kuachiwa mnyonge. Mke wa Khalifa aliifanya kwa mikono yake. La pili, mwanamume hakusimama mbali akangoja habari. Alitafuta msaada, akaleta chakula, akawasha moto. Ni wangapi kati yetu ambao wake zao wakishikwa na utungu wao huenda barazani, wakarudi kuuliza tu ni mume au ni mke?

Ama juu ya kukanda khasa, tunayo dalili katika kitabu cha mwanachuoni mkubwa Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 akafa Misri mwaka 1406. Katika Muqaddima yake, aliyoimaliza mwaka 1377, ametenga mlango mzima kwa ajili ya ukunga, na ameutia katika kazi zenye sharafu, pamoja na uandishi na utabibu. Humo aeleza kuwa mkunga humsaidia mzazi kwa kumkanda mgongo na nyonga na sehemu za chini zilizo jirani na mji wa mimba, ili nguvu ya kumtoa mtoto ipate msaada na uzito upungue. Aeleza pia kuwa kazi hii aghlabu ni ya wanawake, kwani wao ndio wanaoruhusiwa kuona yale ambayo mwanamume wa kando haruhusiwi. Basi anayesema kuwa kumkanda mzazi ni mambo ya kizungu yaliyoletwa na hospitali, na aisome Muqaddima. Na anayesema kuwa ni mambo ya kishamba yasiyo na elimu, naye na aisome.

Kwa nini kukanda hupunguza maumivu?

Mji wa mimba ni msuli wenye nguvu. Wakati wa uzazi hujikaza na kulegea kwa zamu, na kila unapojikaza huuvuta mlango wake, mpaka mlango huo ukafunguka kiasi cha sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kipate kupita. Mishipa ya fahamu inayochukua habari ya maumivu ya mji wa mimba huingia katika uti wa mgongo pamoja na mishipa itokayo katika ngozi ya kiuno na mgongo wa chini. Ndiyo maana mzazi huumwa na tumbo, lakini mkono wake ukaenda kiunoni.

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa rai kuwa ndani ya uti wa mgongo mna mfano wa mlango wa kupitia habari za maumivu, na kwamba habari za kuguswa na kukandamizwa zikifika hapo huubana mlango huo, na maumivu yakafika kwenye ubongo yakiwa yamepungua. Wataalamu waliofuata wameongeza na kurekebisha mengi katika rai hiyo, lakini asili yake kila mtu aijua kwa nafsi yake: mtu akijigonga kiwiko, kabla hajafikiri hukisugua. Tena kuna jambo la hofu. Mwenye hofu mwili wake hukaza, pumzi yake hukatika, na maumivu humzidi. Mkono wa mtu anayemwamini, ukimpitia mgongoni kwa utulivu, humwambia kuwa hayuko peke yake.

Yatupasa tuseme kwa uadilifu elimu hii imefika wapi. Mwaka 2018 jumuiya ya wataalamu iitwayo Cochrane ilikusanya majaribio 14 yaliyofanywa juu ya kukanda na njia nyingine za mkono wakati wa utungu. Iliona kuwa waliokandwa walipungukiwa na maumivu katika muda wa kwanza wa uzazi, kabla ya wakati wa kusukuma. Lakini ikasema pia kuwa ushahidi huo bado ni dhaifu na wataka majaribio makubwa zaidi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya uzazi, na ndani yake likapendekeza kuwa mzazi mwenye afya anayetaka kupunguziwa maumivu aweza kukandwa au kuwekewa kitambaa cha moto, kwa kadiri apendavyo mwenyewe. Basi kukanda hakuondoi utungu wote, wala asidanganywe mtu kuwa mwenye kukandwa hatahitaji daktari. Ni msaada, na msaada mdogo wakati wa shida kubwa una thamani yake.

Namna ya kukanda

Kwanza, mzazi aulizwe. Wako wanaotaka kukandwa, na wako ambao utungu ukipanda hawataki kuguswa hata na nguo. Aliyependa kukandwa saa moja iliyopita huenda sasa hapendi. Akisema basi, ni basi. Asiambiwe kuwa ni mkaidi.

Pili, mwenye kukanda aoshe mikono kwa sabuni, akate kucha, avue pete na bangili. Mikono ipashwe moto kwa kusuguliwa pamoja, kisha apake mafuta kidogo tu, mafuta safi yasiyotiwa dawa ya mitishamba wala viungo vya kuwasha.

Tatu, mzazi akae kwa namna inayomstarehesha. Aweza kulala kwa ubavu, hasa wa kushoto. Aweza kukaa kitini akiwa ameelekea mgongo wa kiti na kuulalia mto. Aweza kupiga magoti akaegemea kitanda. Aweza kusimama akamshika mwenziwe mabegani. Lililo baya ni kumlaza chali muda mrefu, kwani uzito wa mimba hukandamiza mishipa mikubwa ya damu.

Nne, utungu unapokuwa umetulia, mikono ipite polepole kutoka mabegani hadi kiunoni, kwa mpigo mrefu mmoja usiokatika, huku mzazi akivuta pumzi na kuitoa taratibu. Mabega, shingo, mikono na nyayo nazo zikandwe, kwani mzazi hujikaza huko bila ya kujua.

Tano, utungu unapopanda, mwenye kukanda aweke sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono pale mgongo unapokwisha, juu kidogo ya matako, akandamize kwa nguvu ya sawasawa mpaka utungu ushuke. Nguvu yenyewe mzazi ndiye atakayeipima: ataambiwa aseme zidisha au punguza. Wazazi wengi hupata nafuu pia mwenziwao akiwashika nyonga zote mbili kwa viganja na kuzibana kuelekea ndani kwa muda wa utungu mmoja. Na kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa chaweza kuwekwa kiunoni, lakini ajaribu kwanza mwenye kukanda katika mkono wake mwenyewe ili asimwunguze.

Sita, mkono usiwe bubu. Neno jema, dua, kukumbushwa kumtaja Mwenyezi Mungu, kupewa maji ya kunywa kidogo kidogo: yote hayo ni sehemu ya kukanda. Na aliyekuja kusimulia habari za fulani aliyekufa kwa uzazi, huyo atolewe chumbani kwa upole.

Mpaka usiovukwa

Sasa twafika kwenye shina la darsa hii. Uwanja wa mkono wa kukanda ni mgongo, kiuno, nyonga, mabega, mikono na miguu. Tumbo si uwanja wake.

Iko desturi ya kulisukuma tumbo la mzazi kwa mikono, au kwa kiwiko, au kulifunga kwa leso na kulibana, ili mtoto ashuke upesi. Desturi hii yafaa iachwe, awe anayeifanya ni mkunga wa nyumbani au ni mtu aliyevaa nguo nyeupe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limesema wazi kuwa kusukuma tumbo kwa mkono ili kuharakisha uzazi hakupendekezwi. Mtoto akiwa hashuki, huenda njia ni nyembamba au amekaa vibaya, na mkono haujui lipi kati ya hayo. Kusukuma kwaweza kuupasua mji wa mimba, au kulibandua kondo kabla ya wakati wake, au kumjeruhi mtoto na kumchana mama. Na mji wa mimba uliopasuka hutoa damu ndani, isionekane, mpaka mama amekwisha.

Kadhalika kumgeuza mtoto aliyekaa matako chini. Ni kweli kuwa madaktari nao humgeuza, lakini wao hufanya hivyo hospitalini, mimba ikiwa imekaribia kutimia, baada ya kumtazama mtoto kwa mashine na kusikiliza moyo wake, na chumba cha upasuaji kipo karibu. Kufanya hivyo nyumbani kwa mafuta na kukisia ni kucheza na roho mbili.

Na wako wasiofaa kukandwa kabisa mpaka waonwe na mwenye elimu: mwenye kutokwa na damu, mwenye homa, na mwenye mguu mmoja uliovimba, una moto na wauma, kwani huenda mna damu iliyoganda na mkono ukaing'oa. Baada ya mtoto kuzaliwa, kulikanda tumbo ili mji wa mimba ujikaze na damu isimame ni tiba ya mkunga aliyesoma, naye hujua lini aifanye na pamoja na dawa gani. Si kazi ya jirani.

Tena kukanda kusiwe sababu ya kuchelewa. Mambo haya yakionekana, mikono iache kukanda ikatafute gari: damu nyingi, kifafa, au kuumwa sana na kichwa pamoja na macho kuona kiwi, maji ya uzazi yaliyogeuka rangi ya kijani au yenye harufu, homa, mkono, mguu au kitovu cha mtoto kutangulia, mtoto kuacha kucheza, na utungu uliopita saa 12 bila ya kuzaa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kujitia katika utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu, basi juu yake ni dhamana ya anachokiharibu. Na neno hili lamgusa mkunga kama linavyomgusa mganga.

Nani akande?

Huenda akauliza muulizaji: je, si kufunua uchi? Twajibu kuwa mgongo waweza kukandwa juu ya nguo nyepesi, au shuka ikashushwa kwa kadiri ya haja tu. Mwanamke Mwislamu humkanda mwenziwe. Na mume, yeye hana kizuizi chochote kwa mkewe; mkono wake ndio ulio halali zaidi ya mikono yote, tena ndio unaongojewa zaidi. Mume anayejifunza kukanda kiuno cha mkewe katika miezi ya mwisho ya mimba hajapungukiwa na uanaume. Ama akikosekana mwanamke mwenye elimu, na hali ikawa ya dharura, basi wanavyuoni wamekubaliana kuwa dharura huhalalisha kilichozuiwa, kwa kadiri ya dharura hiyo. Mwenye kumwacha mkewe afe kwa kuwa daktari aliyepo ni mwanamume hakuihifadhi sheria. Ameivunja iliyo kubwa kwa ajili ya iliyo ndogo.

Na mwaka 2017 jumuiya hiyohiyo ya Cochrane ilitazama majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000, ikaona kuwa mzazi anayekaa na mwenziwe wa kumtuliza kwa muda wote wa utungu huelekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida, na muda wa utungu wake hupungua kidogo. Ziko hospitali zenye msongamano ambazo humzuia msindikizaji mlangoni. Basi mambo haya yaulizwe mapema, siku za kliniki, kwa adabu: je, mamake au dadake aweza kukaa naye? Je, kuna pazia? Wenye mamlaka wakiulizwa na wengi, hulitafutia jambo njia.

Hapa ndipo mahali pa mkunga wetu wa jadi. Hatusemi atupwe. Mwaka 2014 wazazi 62 katika kila 100 nchini Kenya walizalishwa na wenye elimu ya uzazi, na mwaka 2022 wakafika 89. Mkunga wa jadi na asimame upande wa hesabu hiyo: aache kuzalisha, awe msindikizaji. Ampeleke mzazi hospitalini mapema, akae kichwani pake, amkande, amliwaze. Mkono wake uliozoea una kazi, na heshima yake mtaani haitapungua.

Maneno yasiyo na msingi

Utungu unapokawia, husikika maneno. Huambiwa mzazi kuwa amekosa radhi ya mumewe, au ya mavyaa wake, na kwamba hatazaa mpaka akiri. Wengine humshurutisha ataje dhambi mbele ya watu. Wengine husema amefungwa na hasidi, wakatafuta wa kumfungua, na saa zikapita. Twasema wazi: hakuna katika Kitabu wala katika Sunna kuwa mlango wa mji wa mimba hufunguliwa kwa kukiri zina. Kumsingizia mwanamke jambo hilo bila ya mashahidi ni kadhfu, dhambi kubwa yenye adhabu yake katika sheria. Mtoto amekwama, nao wanamtafutia mamake aibu! Radhi na ziombwe siku zote, na dua isomwe wala isiachwe. Lakini dua haimzuii mtu kuita gari. Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mola wake.

Fardhi juu yetu sote

Wanavyuoni wamesema kuwa elimu ya tiba ni fardhi ya kutosheleza: wakiifanya baadhi, jukumu huwaondokea wengine, wasipoifanya kabisa, wote hupata dhambi. Twataka mke wa Kiislamu azalishwe na mwanamke, tena mwenye heshima na dini. Je, tumempeleka binti yupi chuo cha uuguzi na ukunga? Tukimtoa binti shuleni mapema, kisha tukalalamika kuwa hospitalini hakuna wanawake wa kwetu, lawama ni ya nani?

Basi twapendekeza mambo matatu kwa kila mtaa. Kila msikiti na madrasa itafute mkunga aliyesoma, awafundishe wanawake, walau mara moja kwa mwaka, namna ya kukanda na dalili za hatari tulizozitaja. Waume nao wapewe darsa yao mbali, bila ya kuoneana haya katika haki. Na kila mtaa uweke fungu la sadaka kwa ajili ya gari la mzazi usiku wa manane, na kila nyumba yenye mja mzito ijue mapema gari hilo ni la nani na ataamshwa vipi.

Mwenye kumwondolea Mwislamu mwenziwe dhiki moja ya dunia, Mwenyezi Mungu humwondolea dhiki katika dhiki za Siku ya Kiyama. Hayo ndiyo mafunzo ya Mtume wetu. Na dhiki gani iliyo karibu nasi kuliko ya yule anayeuma shuka ili sauti yake isifike barazani? Mwenye mikono na aioshe, aipashe moto, akakande mahali panapokandwa, na aizuie pasipokandwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awasahilishie wazazi wetu, awahifadhi wana wao, na atupe elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.